Jikoni na Wasomaji: Vitonge vya Saa 4, Bila Oveni

Toleo lililopita nilitaja kwa mistari 3 tu vile vitonge vya tende ninavyowafungia wanangu kwa ajili ya saa 4 shuleni, nikapita zangu, sikutoa hata kipimo, na nyie mkanishukia kama mwewe. Haki yenu. Meseji zimekuja mpaka nimeamua ukurasa wote wa leo uwe wa vitonge, maharage ya nazi niliyowaahidi yatasubiri.

Kipimo nilichowanyima ni hiki. Tende zilizotolewa kokwa gramu 200, yaani kikombe kimoja cha kushindilia. Karanga zilizokaangwa na kumenywa, kikombe kimoja. Nazi kavu iliyokunwa nusu kikombe, hiliki punje 4 au 5 zilizotwangwa, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili, usiiruke hiyo chumvi maana ndo inayofanya utamu usichoshe. Karanga zinaanza kwenye blenda, ziwe chengachenga tu zisifike kuwa uji, unazitoa, halafu tende, halafu unakutanisha kila kitu kwenye bakuli na kukanda kwa mkono. Mkono ndo mizani yako hapa. Ukifinya tonge likashikana na kiganja kikabaki kisafi, umepatia, likimeguka ongeza tende 2 au kijiko cha maji ya uvuguvugu, likiganda mkononi kama ubani ongeza karanga au nazi. Viringisha vidogo kidogo kuliko ndimu, utapata kama 20.

Na zile tende zinazoandikwa kwenye pakiti kwamba hazina kokwa, tafadhali zipasue moja moja. Mimi niliamini pakiti, kisu cha blenda kikapinda, na kipande cha kokwa nikakikuta kwenye tonge nililokuwa naonja mwenyewe, nikawaza ingekuwa jino la mtoto ingekuwaje.

Haya, barua.

"Dada habari. Niliona video mtu anachanganya oti, kakao, asali na mafuta ya nazi, anaweka friji, vinatoka vigumu vizuri kama chokoleti ya dukani. Nikafanya vilevile, usiku vilikuwa vigumu kabisa, asubuhi nikamfungia mtoto, mchana anarudi lanchi boksi imejaa tope na daftari la hesabu limelowa mafuta. Nimekosea wapi?" Mama Wawili, Tabata

Hujakosea popote mama, wewe unaishi Dar tu. Mafuta ya nazi yanaganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi, na Tabata mwezi wa 2 hata usiku wa manane unaweza usizione hizo 24. Aliyekurekodia video pengine yuko nchi ambayo jikoni kwake panahitaji hita. Hata chokoleti halisi na siagi zinaanza kulegea kwenye nyuzi 30 na kitu, sasa piga picha begi la shule limelazwa juani, au limekaa juu ya injini ya basi la shule, unategemea nini.

Mimi najiuliza swali moja kabla ya kufunga kitu chochote, hiki kinasimama kwa sababu ya nini? Kama kinasimama kwa sababu ya friji basi kikitoka friji kitalala. Tende hazisimami kwa baridi, zinasimama kwa kunata, na siagi ya karanga vilevile, ndo maana vitonge vya tende vinafika Gongo la Mboto vikiwa vitonge. Kwa hiyo oti zako na kakao zako usizitupe, toa mafuta ya nazi tu, weka hivi: oti kikombe 1, siagi ya karanga nusu kikombe, asali vijiko 4 vya chakula, kakao vijiko 2, koroga halafu acha dakika 20 bila kugusa. Hapo kwenye kuacha ndo wengi wanaharibu, wanaona mchanganyiko unanata wanamwaga oti nyingine, kumbe zile za mwanzo zilikuwa bado zinakunywa asali, matokeo yake unapata mchanga. Kakao ukipata ile inayotoka Kyela nunua, ina harufu yake bwana.

Na nikuambie siri nyingine ya mji wa joto. Vitonge vya tende vigandishe kwenye frizza, asubuhi vitoe vikiwa vimeganda uviweke moja kwa moja kwenye boksi. Sukari ya tende ni nyingi kiasi kwamba havigandi vikawa mawe, kufika saa 4 vimelainika, na vimeipoza hata ndizi iliyokuwa pembeni yake. Kwenye frizza vinakaa hata miezi 3, kwenye friji wiki moja sina shaka navyo.

"Mimi ni baba, nalea watoto watatu mwenyewe. Sina oveni, sina blenda, friji iliungua na umeme wa hapa. Nikisoma mapishi yenu naona kama mnaongea na watu wengine. Kuna kitu cha kwangu?" Baba wa Kahama

Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara 2. Na nina habari njema, haya mambo ya bila oveni sisi tumeyajua kabla hayajapewa jina na watu wa video. Kashata ni nini? Zile bonge za simsim, yaani ufuta, wanazouza stendi Kampala na Kisumu ni nini? Hakuna aliyewahi kuuliza oveni iko wapi.

Unahitaji kinu. Tende loweka kwenye maji ya moto dakika 10, zichuje vizuri mpaka zisidondoshe maji (hayo maji weka kwenye uji wa kesho, usimwage), zitwange peke yake ziwe kama udongo wa kufinyanga, karanga zitwange pembeni, kutanisha. Kinu kinafanya kazi nzuri kuliko blenda yangu, sisemi kukufariji, kwenye kinu karanga zinabaki na vipande vya kutafuna na blenda inazigeuza mafuta ukisahau sekunde 10 tu.

Tende zikiwa bei juu, maana nje ya msimu wa Ramadhani kuna sehemu hata kuziona ni shida, fanya za ufuta. Kaanga ufuta kikombe kimoja na nusu kwenye sufuria kavu, moto mdogo, uanze kurukaruka na kunukia, epua haraka maana ukipita hapo unakuwa mchungu. Sukari guru gramu 150 na vijiko 2 vya maji, yeyusha, acha itokote hadi ukidondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi linajikusanya kama gololi laini, mimina ufuta, geuza kwa mwiko, na hapo unakimbizana na muda, paka mikono mafuta kidogo na viringisha vikiwa bado vya moto wa kuvumilika. Watoto wakae mbali kwenye hatua hii, sukari iliyochemka inaunguza vibaya kuliko maji. Hivi ukivitia kwenye kopo la mfuniko unaobana vinakaa wiki bila friji, kwa sababu ndani hamna maji ya kuozea. Kinyume chake ni nazi mbichi, hiyo usiiweke kabisa kama huna friji, saa 6 ya mchana ishaanza kuchacha, kama unaitaka nazi ikaange kavu bila mafuta mpaka igeuke rangi ya chai ya maziwa.

La karanga nakuomba ulisikilize kwa makini zaidi ya yote. Huko Shinyanga karanga zipo, ila kaa uzichambue kwa macho, moja moja, iliyosinyaa, yenye ukungu, yenye weusi, iliyobadilika rangi, yenye uchungu, tupa, usimpe na kuku. Hiyo ni sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, na kukaanga hakuiondoi, watu wengi wanadhani moto unaua kila kitu. Ni sumu ileile iliyopita kwenye mahindi kule Makueni na Kitui mwaka 2004 ikaua watu 125. Kwa hiyo karanga za kupukuchua mwenyewe ni bora kuliko zilizosagwa tayari za kupima kwa kijiko, zilizosagwa huwezi kujua nini kiliingia humo.

"Shikamoo dada. Niko Leicester, Uingereza. Shule ya mtoto wangu imekataza kabisa karanga na kila jamii ya karanga na korosho, nikapeleka vitonge vyako vikarudishwa na barua juu. Mama yangu Tanga anasema hao watu wana mambo. Nifanyeje?" Msomaji

Marahaba. Mwambie mama hawana mambo, wana sababu. Kuna mtoto ambaye karanga kidogo tu, kwa wengine ni chakula na kwake ni kufunga koo, na anaweza kuwa amekaa dawati moja na wako. Na hata huku kwetu wapo, tofauti ni kwamba huku tunasema mtoto ana pumu au kala kitu kibaya na tunapita.

Badili karanga kwa mbegu za alizeti, zikaange kidogo zitoe harufu, kipimo kilekile cha kikombe kimoja. Mimi huwa nachanganya nusu alizeti nusu mbegu za maboga, rangi inakuwa ya kijanikijani, mwanangu wa kwanza aliziita vitonge vya chura na jina limeganda. Tende, alizeti, oti, mdalasini badala ya hiliki kama mtoto keshazoea ladha ya huko. Ila usikimbilie ufuta kwa kudhani umeukwepa mtego, ufuta nao uko kwenye ile orodha yao ya vitu 14 vya mzio ambavyo sheria ya huko inataka vitajwe kwenye chakula, na Marekani nao wameuingiza kwenye orodha yao kuanzia Januari 2023. Nazi uliza kwanza, kuna shule zinaikubali na kuna zinazoiweka kapu moja na korosho. Na geuza pakiti ya tende usome nyuma, maana nyingine zinafungwa kiwanda kimoja na lozi. Blenda uliyosagia karanga jana ioshe mpaka chini ya ile raba ya kisu, hapo ndo pananing'inia vitu.

"Mimi hutengeneza za biskuti na maziwa matamu ya mkebe, watoto wanazipenda sana. Sasa mama mkwe amekuja kukaa na sisi na kila siku ni maneno, eti nawaua watoto na sukari, kwamba za tende ndizo za afya. Naomba unisaidie kumjibu." Mama Nakuru

Mimi kwenye mambo ya mama mkwe huwa siingii, nina wangu. Ila hesabu naweza, nikakaa nayo jikoni na mizani ya keki.

Mkebe wa gramu 397 wa maziwa yale, zaidi ya nusu yake ni sukari. Ukichukua nusu mkebe, biskuti za chai gramu 200 zilizopondwa, na vijiko 2 vya kakao, unapata vitonge 21 hivi, na kila kimoja kinabeba kama gramu 7 za sukari. Nikageukia za kwangu za tende, zile za juu, nikijua nitakuja kujisifu hapa. Tende karibu theluthi mbili yake ni sukari. Gramu 200 ugawe kwa vitonge 20, inakuja gramu 6 na nusu kwa kitonge. Yaani tofauti yetu mimi na wewe ni nusu gramu! Zote mbili ni kama kijiko kimoja na nusu cha chai, ndani ya kitu mtoto anachomaliza kwa kutafuna mara 4.

Sasa kabla hujakimbia kumwonyesha mama mkwe gazeti, tulia. Tende inakuja na nyuzinyuzi zake na madini, karanga inakuja na protini na mafuta mazuri, mtoto akila 2 anashiba mpaka mchana, na biskuti na maziwa ya mkebe zinakuja na, basi, biskuti na maziwa ya mkebe. Hapo mama mkwe ana pointi. Lakini akisema tende haina sukari, hapo hapana, na wale wanaoandika kwenye vifungashio vyao "bila sukari" halafu ndani tende tupu wananichekesha. Jino nalo halichagui, tende nayo inanata kwenye magego, kwa hiyo kitonge kiliwe pamoja na chakula, maji yafuate, kisiwe kitu cha kumung'unya njia nzima kwenda nyumbani.

Kwangu ni vitonge 2 kwa siku ya shule, na siyo kila siku. Ukitaka kupatana na mama mkwe fanya nusu kwa nusu, nusu ya biskuti itoe weka karanga zilizopondwa, na maziwa ya mkebe yapunguze uongezee siagi ya karanga, halafu mwite aviringishe yeye. Mwanamke akishatia mkono wake kwenye chakula hakisemi tena vibaya, hiyo nimeiona.

"Naweza kutumia unga wa ngano au wa lishe badala ya oti? Oti ni ghali." Mama Njiti, Morogoro

Unga mbichi hapana. Watu wanaogopa yai bichi, unga wanaulamba, lakini unga nao haujapikwa, umetoka shambani ukasagwa basi, na Marekani mwaka 2016 watu waliugua kwa bakteria wa E. coli waliotoka kwenye unga wa ngano. Oti za flekisi zenyewe zinapitishwa kwenye mvuke kiwandani kabla ya kubonyezwa, ndo maana tunazila hivihivi. Kitu cha bei nafuu cha kushika nafasi yake ni mkate uliolala, ukaushe kwenye kikaango mpaka uwe mkavu wa kuvunjika, uponde. Au mabisi! Mabisi ya mahindi yasiyo na chumvi, yasage kidogo, changanya na tende, watoto wanagombana. Unga wa lishe uache kwenye uji, kule unachemka na unafanya kazi yake.

"Mdogo wao ana miezi 10 na akiwaona wanakula analia. Nimpe kipande?" Mama Tatu, Mombasa

Cha asali usimpe hata kulamba hadi atimize mwaka mmoja, asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo, na haijalishi ni asali ya Tabora au ya nyuki wa babu. Na karanga nzima au vipande vikubwavikubwa hata mtoto wa miaka 4 bado, anaweza kupaliwa. Mtoto mdogo mfinyie kitonge kiwe bapa kama chapati ya mdoli, duara ndo linaloziba koo. Huyo wa miezi 10 mpondee tende laini kwenye uji wake, naye aone kala wanachokula wakubwa.

"Dada nisaidie. Nafunga vitonge 4 kila siku, boksi linarudi tupu, nikafurahi mwanangu anakula. Juzi mwalimu ananiambia kijana anaviuza darasani shilingi 200 kimoja na ana daftari la wanaodaiwa. Yuko darasa la 4. Nicheke au nimchape?" Mama Mfanyabiashara, Mbezi

Cheka kwanza, ukimaliza ndo uongee naye. Usimchape. Lakini jambo moja lazima limwingie, na sababu yake ipo kwenye barua ya Leicester hapo juu, yeye hajui nani darasani karanga zinamdhuru na mwenye tatizo naye ana miaka 9, akiona kitamu atanunua. Kwa hiyo biashara ifungwe mpaka shule na wazazi wenzio wajue kilichomo ndani, na madeni ayasamehe. Vitonge virudi kuwa 2, na yai la kuchemsha, hilo halina soko.

Halafu kaa naye mezani umpigie hesabu ya tende, karanga, nazi na hiliki ugawe kwa 20. Kwa bei za dukani kwangu wiki hii, mwambie hiyo 200 anauza kwa hasara na mtaji ni wako.